Ritifaa

Alama yenyewe ni ndogo kuliko chawa,
mkwaruzo wa ukucha juu ya mstari.
Kwetu ndiyo inayotenga ng'oa na ngoa;
bila yake hata kung'amua hakuandikiki.
Lakini kisa hiki si cha kwetu.
Ni cha Letterkenny, kaskazini mwa Ayalandi,
mtaa wa mteremko, mvua inayopiga ubavuni,
chumba kilicho juu ya duka la miwani
ambamo Fiachra Tuohy alitunga programu-jalizi
ya kupokea oda: jina, anwani, kiasi gani.
Akaigawa bure. Maduka elfu na ushei
yakaichomeka kwenye tovuti zao
na hayakumuuliza hata hali.

Ikaja barua pepe:

*Bwana Tuohy, fomu yako inanikataa.
Naandika O'Hegarty, inanijibu: herufi batili.
Bibi yangu alizikwa bila hiyo O,
karani aliifyeka kwa kuwa ilimchosha mkono.
Mama akairudisha, kwa kiapo na muhuri.
Sasa na mashine yako?
Nataka mabunda sita ya sufi, rangi ya kuvu.
Dympna.*

Ilikuwa Ijumaa. Mtoto anakohoa,
supu jikoni imeanza kushika sufuria.
Fiachra aliona haya, haya ya kweli, hadi masikioni.
Akashuka na msimbo hadi mstari wa mia mbili na kumi na mbili,
akamkuta bawabu aliyempanga mwenyewe,
anayekagua kila herufi na kuzuia asizozijua,
akamfuta kazi.
Akajaribu mara moja, kwa jina la Dympna.
Likapita.
Akakimbilia supu.

Mzembe? Mimi sisemi hivyo.
Alikuwa mwema, na alikuwa na haraka,
na hakuna aliyewahi kumlipa ili atulie.

Februari, saa nane za usiku,
mtu tusiyemjua, katika mji tusioujua,
aliandika kwenye kisanduku cha jina
jina ambalo hakuna padri aliyewahi kulimwagia maji.
Kwanza ritifaa, ile ile,
ikalifunga jina kabla halijaanza,
na yote yaliyofuata, kwa kuwa yalibaki nje ya jina,
yakawa amri:
*au moja ni sawa na moja.*

Basi. Hakuvunja kitu.
Hifadhidata ni kiumbe mkweli, haijui hila.
Iliulizwa kama moja ni moja, ikasema ndiyo,
na kwa kila mteja ikaulizwa tena, ikasema ndiyo,
ikamwaga: majina, simu, nywila,
mjane wa Buncrana na vitambaa vyake vyeusi,
fundi cherehani aliyeficha deni kwa mkewe,
Dympna, mabunda sita, mlango wa buluu, gonga kwa nguvu.

Siku tatu Fiachra hakulala. Alishona kiraka.
Na hapo ndipo alipoona kosa lilikokuwa,
si kwa kumruhusu mgeni na alama yake,
wala bawabu wa kwanza hakuwa na akili,
maana alichojua ni kufukuza tu.
Kosa ni kupokea neno la mtu
na kulipa nafasi ya kutoa amri.
Mpokee, akae kitini, jina lake libaki jina.

Akawaandikia wote, mmoja mmoja.
Wengi walikaa kimya. Wengine walimtukana.
Nusu ya maduka hayajakiweka kiraka mpaka leo.
Dympna alijibu mstari mmoja:
*Rekebisha unachotaka, O yangu usiiguse.*

Jumapili alfajiri akajaribu tena.
Aliandika O'Hegarty. Likakaa.
Kisha, mkono ukimtetemeka, aliandika lile la mwizi,
ritifaa, na moja, na moja,
akabonyeza.

Nalo likakaa.
Lipo kwenye jedwali hadi sasa, hakulifuta:
mteja namba tisa mia na nne,
jina refu la ajabu,
anwani hana,
anangoja sufi kama watu wengine.